Barua za Zizini: Shingo ya Mbuzi, Pua ya Kondoo

Toleo lililopita niliandika mstari mmoja tu, tena pembeni, kwamba mbuzi asilale na mkanda shingoni. Kumbe nimechokoza nyuki. Nusu ya barua zilizokuja zinauliza kwa nini, nusu zinanigombeza, na moja inanitaka nikalale zizini mwenyewe nione. Basi safari hii ni kamba peke yake. Mambo ya chanjo na maziwa yatasubiri.

Tuelewane kwanza kwa majina, maana kila mtu ana lake. Nikisema mkanda, nina maana ule wa shingoni. Nikisema hatamu, nina maana ile ya kichwani: kipande kimoja kinapita juu ya pua, kingine nyuma ya masikio, na kamba ya kuongozea inatokea chini ya taya. Haina lijamu ya kutia mdomoni. Anayemtia mbuzi chuma mdomoni asiniandikie mimi.

*

Mzee wa Zizi, shikamoo. Nina mbuzi wanne, wote majike. Mmoja nilimtafutia mkanda mzuri wa ngozi, nikaufunga kwa kulegeza ili usimbane. Lakini kila nikimtoa kwenda malishoni anavuta mbele kama ng'ombe wa jembe, anakoroma, macho yanamtoka, kisha anakohoa. Nikilegeza kamba ananiburuta. Nimbadilishie mkanda mwembamba zaidi ili ausikie?
— Mfugaji wa mwaka wa kwanza

Marahaba, mwanangu. Mwembamba ndio utammaliza kabisa. Mkanda wenyewe hauna kosa, umekaa pabaya tu. Kwa kuwa uliulegeza, umeteremka mpaka pale shingo inapokutana na mabega, na hapo umemvisha nira. Anaegemea kwa kifua, uzito wake wote uko mbele, wewe nyuma unashindana naye kwa mikono miwili. Nami nilipoanza nilifunga hivyo hivyo, tena kwa kujivuna kwamba nimemwachia mnyama nafasi.

Leo jioni piga goti ubavuni mwake, upitishe vidole viwili mbele ya shingo yake, kuanzia kifuani kwenda juu. Utaligusa bomba la pumzi. Liko karibu kabisa na ngozi na lina pingili pingili. Bonyeza kidogo tu, naye atameza mate au atakohoa. Sasa fikiria ukanda mwembamba umekaa palepale, na kilo zake zote zimeuegemea. Huko kukoroma unakokusikia ndiko huko.

Kisha usogeze mkanda juu, juu kabisa, ushike nyuma ya masikio na chini ukutane na pembe ya taya. Ukaze kiasi vidole viwili vipite vikiwa bapa, si vikisimama. Upana wa sentimita 2 hadi 3 unamtosha mbuzi mzima. Hapo juu mkanda unaegemea mifupa ya kichwa na taya, na ukiuinua kidogo tu, kichwa kinainuka. Kichwa kikishainuka mabega hayana tena pa kuegemea, na mbuzi aliyekuwa trekta anageuka mtu wa kuzungumza naye. Mimi hushika mkanda wenyewe kwa mkono mmoja badala ya ile kamba ndefu, natembea goti langu likiwa sawa na bega lake. Akitaka kukimbia nainua mkono kidogo, akitulia naushusha.

Ila hata huko juu usimning'inize. Ukivuta kwa nguvu bila kuachia, utabana pumzi na damu kwa pamoja, naye ataanguka. Watu husema kajiangusha kwa ukaidi, kumbe kazimia. Akilegea magoti, achia kamba mara moja, maswali baadaye.

*

Mzee, salaam. Mimi sina mbuzi, nina kondoo kumi na wawili wa sufu. Mkanda hauwakai. Akirudi nyuma hatua moja unapitia masikioni na kubaki mkononi mwangu. Nikatafuta hatamu. Nayo nikimvisha anatupa kichwa, anajilaza, na juzi mmoja alifungua mdomo akawa anahema kwa shida. Mke wangu anasema nirudie kuwashika sufu kama zamani. Nimsikilize?
— Baba wa kondoo kumi na wawili

Katika mengine yote msikilize, katika hili la sufu hapana. Sufu imeshikwa na ngozi, na ngozi imeshikwa na nyama. Ukimkamata kondoo kwa konzi ya sufu unamvuta ngozi, na chini yake panavilia damu. Huoni kwa sababu pamefunikwa. Anayekuja kumchuna ndiye anayeona.

Mkanda unateleza kwa sababu kondoo wako hana mahali pa kuushikilia. Shingo ni nene, kichwa chembamba, masikio yamelala, na kati ya mkanda na ngozi kuna godoro la sufu. Halafu sufu yenyewe inadanganya. Ukiufunga vizuri leo, akishanyolewa utaning'inia. Ukiufunga baada ya kunyolewa, sufu itaota iufunike, na utasahau kwamba upo. Kwa kondoo wa sufu, hatamu ndiyo yenyewe. Wale wa manyoya mafupi waweza kuwatendea karibu kama mbuzi.

Sasa huyo aliyehema kwa mdomo. Kondoo aliyetulia hupumua kwa pua. Ukimwona kafungua mdomo baada ya kuvishwa hatamu, mvue kwanza ndipo utafute sababu. Nami naijua sababu hata bila kuwepo, hatamu ilishuka. Weka kidole cha shahada kati ya macho ya kondoo wako, ukiteremshe polepole kuelekea puani. Mwanzo ni mfupa, mgumu kama meza. Ukifika chini kidogo ya nusu ya safari kidole kinazama, hapo mfupa umekwisha. Kuanzia hapo mpaka kwenye tundu za pua ni gegedu na nyama laini, na chochote kinachobana hapo kinaziba njia ya hewa. Kipande cha puani kinatakiwa kukaa juu ya mfupa, karibu na macho kuliko na tundu za pua, bila kuyagusa macho.

Kwa nini ilishuka? Mara nyingi ni kwa sababu hatamu ya kamba imevishwa kinyume. Iangalie vizuri ukiwa umeishika mkononi. Kuna upande mmoja wa urefu usiobadilika, huo ndio wa juu ya pua. Kuna upande unaoteleza na kukaza, huo unapita chini ya taya. Kamba ya kuongozea inatokea kushoto kwa kondoo, upande ambao wengi wetu husimama. Ukiivisha kinyume, ule upande unaokaza ndio unaokwenda puani, na kila ukivuta unamziba. Nimewaona watu wa miaka mingi zizini wakivisha hivyo na kumlaumu kondoo. Ikiwa umeivisha sawasawa na bado inashuka, basi kipande cha nyuma ya masikio ni kirefu mno, kipunguze.

Kuhusu kujilaza, kondoo hujilaza kwa sababu umemtenga na wenzake na kumsimamia usoni. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa. Ukisimama mbele na kumvuta huku mmekaziana macho, anachokiona ni mnyama mkubwa aliyemzibia njia. Hamia begani. Mtafute mwenzake mmoja mtulivu, mtu mwingine amtangulize hatua chache mbele, na wa kwako atataka kumfuata hata kabla hujamwomba. Kidevu kiinue kidogo. Kondoo akiinamisha kichwa anasukuma kwa mwili mzima, akikiinua nguvu hiyo inapungua sana. Lakini usikiinue mpaka anatazama mawingu, hapo haoni anapokanyaga. Na akijilaza, legeza kamba usubiri. Usimwinue kwa kichwa.

Wale wenye mimba kubwa waache kabisa. Kondoo hubeba mimba siku 150 hivi. Mwezi wa mwisho si wa masomo.

*

Wewe unayejiita Mzee wa Zizi, uliandika mkanda uvuliwe kila jioni. Mimi nina mbuzi arobaini. Nikianza kuvua magharibi nitamaliza usiku wa manane, na alfajiri nianze kuvisha. Mikanda yangu ina namba, ndivyo ninavyojua nani amekunywa dawa na nani bado. Andika mambo ya watu wenye kazi.
— Mwenye mbuzi arobaini

Ndugu yangu, kofi la kwanza nimelipokea. Nilipoandika nilikuwa nawafikiria watu wa mbuzi watatu, wanne. La pili nalikwepa, na sababu yake ni hii.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa na mbuzi wawili majike waliopendana, wanalala wamegusana migongo. Mmoja ana pembe zilizopinda kwenda nyuma, mwenzake hana pembe. Wote nimewavisha mikanda ya nailoni, imara, niliyoichagua kwa sababu haikatiki. Asubuhi moja nafungua mlango wa banda, nawakuta pamoja kama kawaida. Mwenye pembe amesimama ameinamisha kichwa, hanitazami. Chini yake majani ya kulalia yamefagiliwa duara kamili, udongo unaonekana. Pembe yake ilikuwa imeingia chini ya mkanda wa mwenzake, labda walipokuwa wakikunana, na kila alipojaribu kuichomoa alikuwa anausokota. Huyu asiye na pembe alikuwa ameshapoa. Nilikata mkanda kwa kisu ndipo mwenzake akaweza kuinua kichwa. Ule mkanda niliuokota baadaye nikauangalia, haukuwa na hata uzi mmoja uliochomoka.

Kwa hiyo nalirekebisha neno langu la toleo lililopita. Anayeweza kuvua, na avue. Asiyeweza, avishe mkanda unaokatika. Kuna minyororo ya plastiki iliyotengenezwa hivyo makusudi, pete yake moja inaachia mnyama akinaswa. Kama huipati, kata mkanda ulio nao mahali pamoja, uziunganishe ncha zake kwa uzi wa pamba mizunguko michache. Kisha ushike kwa mikono miwili uustue kwa nguvu. Usipokatika mikononi mwako, punguza uzi. Namba yako itabaki palepale, na utapoteza mkanda mmoja mmoja vichakani, hasara ndogo. Namba ya kudumu iweke kwenye hereni ya sikio, mkanda ubaki wa kukusaidia kusoma kwa mbali.

Ila uelewe kwamba mkanda huo wa kukatika haufai kumfungia mnyama wala kumwongozea. Wa kazi uwe mwingine, imara, unautundika mlangoni na kumvisha yule unayemtaka kwa wakati huo.

Na kwa kuwa una arobaini, nina hakika katikati yao kuna watoto. Hao ndio wanaonitia hofu kuliko wote. Kitoto cha mbuzi kinakua huku unakitazama, mkanda haukui. Niliwahi kuitwa nikatazame mtamba aliyekuwa akinuka shingoni. Nilipopangua manyoya, kamba ya nailoni ilikuwa imezama ndani ya ngozi, na ngozi imeanza kufunga juu yake. Mwenye mbuzi alilia, maana kila siku alimpa majani kwa mkono wake. Pitisha vidole viwili chini ya kila mkanda kila wiki, bila kuangalia kwa macho, macho yanadanganywa na manyoya. Beberu naye shingo yake hunenepa majira ya kupanda majike, mlegezee. Vidole vikiwa hapohapo vitakutana na kupe pia. Wanapenda sana kujificha chini ya mkanda, mahali ambapo mbuzi hafiki kujikuna.

*

Shikamoo babu. Nina miaka 12. Nina kitoto cha mbuzi cha miezi miwili. Baba amesema nikimfundisha kutembea na kamba atakuwa wangu. Nimemvuta siku tatu, anakaza miguu yote minne. Mkono unaniuma. Nifanye nini?
— Mjukuu wako

Marahaba, mjukuu wangu. Baba yako kakupa mtihani mzuri, na umri wa mbuzi wako ni mzuri pia. Akifika miezi sita bila kujua kamba, ndipo mkono utakuuma kwelikweli.

Ukimvuta mbuzi mbele, naye huvuta nyuma. Hakuchukii. Ndivyo alivyoumbwa, kinachomvuta anakipinga. Kwa hiyo siku tatu hizo umekuwa ukimfundisha kupinga, na amefaulu. Tuanze upya.

Leo mvishe mkanda, juu, nyuma ya masikio, umwache ale huku umekaa naye. Basi. Usivute kitu. Kesho mfunge kwenye nguzo kwa dakika kumi, kamba iwe fupi kama mkono wako, na fundo liwe sawa na kichwa chake, si chini miguuni, la sivyo atalivuka na kujinasa. Fundo liwe la kufunguka kwa kuvuta ncha moja. Mwombe baba akuonyeshe. Wewe kaa hapo hapo. Atapiga kelele, ataruka, ataning'inia kidogo, kisha atagundua kwamba akisogea mbele hatua moja kamba inalegea. Hilo amejifundisha mwenyewe, hukumwambia wewe.

Kesho kutwa ndiyo kazi. Simama ubavuni mwake, si mbele. Inua kamba mpaka iwe imenyooka tu, halafu usivute zaidi, usistue. Subiri. Hesabu mpaka ishirini ikibidi. Mguu wake wa mbele ukinyanyuka, hata kama ni wa bahati mbaya, legeza kamba palepale, umkune shingo. Hiyo kamba kulegea ndiyo zawadi yake, kuliko majani utakayompa. Ukichelewa kulegeza hajui amepatia nini.

Akikataa kabisa, usiendelee kuvuta moja kwa moja. Mvute kwa upande, kama unamgeuza. Mnyama aliyekaza miguu minne kwenda nyuma hawezi kuikaza kwenda pembeni, lazima ahamishe mguu mmoja asianguke. Mguu ukihama, legeza. Au mguse kwa mkono wa pili juu ya mkia, kidogo tu, kama unayebisha hodi.

Dakika kumi kwa siku, mkome siku ikiwa bado nzuri. Na nisikilize hapa, mjukuu wangu. Usizungushe kamba mkononi, hata mara moja, hata kwa kitoto. Ikunje mafungu ndani ya kiganja ili ukifungua vidole iondoke. Mimi nilizungusha kwa kondoo dume mmoja aliyekuwa mpole miaka miwili. Siku hiyo kitu kilimshtua, sikuwahi kujua ni nini. Kidole changu cha pete hakinyooki mpaka leo. Akikushinda, mwache aende, utamkamata tena. Mbuzi mwenye njaa haendi mbali.

Niandikie akishakuwa wako.

*

Je, mbuzi mwenye pembe nimwongoze kwa pembe? Naona ndiyo hatamu aliyozaliwa nayo.
— Msomaji

Umenichekesha. Mzima unaweza kumshika shinani mwa pembe kwa kitambo, ukimtuliza apewe dawa. Kumkokota kwa pembe hapana. Ndani ya ala ile ngumu kuna mfupa ulio hai na wenye damu, na kwa mbuzi mchanga pembe inaweza kukukatikia mkononi. Damu yake haikatiki upesi. Halafu mabeberu wengi, ukiwashika pembe wanaona umewaalika mchezo.

*

Mzee, mbuzi wangu ametoka uvimbe chini ya taya, palepale mkanda unapokaa. Nimeuvua mkanda wiki mbili, uvimbe upo. Jirani anasema ni mkanda tu, nikande kwa maji ya moto utapasuka.
— Mwenye wasiwasi

Usikande, usipasue, na mkanda huo usimvishe mwingine. Mkanda ukichubua utaona manyoya yamekatika na ngozi nyekundu, mstari mzima. Uvimbe mmoja unaojitegemea ni jambo jingine, limepata tu kukaa jirani na mkanda.

Ushike. Kama ni mgumu, uko upande mmoja, chini ya sikio au kwenye kona ya taya, huenda ni lile jipu la tezi linaloambukiza kundi zima. Ndani yake kuna usaha mzito, na ukiupasulia zizini umepanda mbegu ya ugonjwa ardhini, kwenye nguzo na kwenye kila kamba. Vimelea vyake hukaa muda mrefu. Mtenge mbuzi huyo, mwite daktari wa mifugo.

Kama ni laini, kidole kikibonyeza kinaacha shimo, na jioni uvimbe ni mkubwa kuliko asubuhi, hayo ni maji. Funua kope la chini la jicho lake. Ndani panatakiwa kuwa pekundu. Pakiwa peupe, minyoo imemnyonya damu mpaka maji yameteremka tayani, na hilo halingoji wiki ijayo. Watu wengi hugundua ugonjwa huu kwa sababu mkanda uliokuwa sawa umeanza kubana ghafla. Kwa vitoto vinavyonyonya kuna uvimbe laini wa kooni ambao ni tezi tu, na huondoka wenyewe anavyokua. Ila wa kwako ni mzima, kwa hiyo usijifariji na hilo.

Na kwa kuwa tumefika kwenye uchafu, hatamu huambukiza kuliko mkanda kwa sababu inagusa midomo. Vile vidonda vya magamba vinavyotoka kwenye midomo ya kondoo na mbuzi husafiri kwa hatamu kutoka mnyama hadi mnyama, na kutoka kwa mnyama hadi mkononi mwako wewe. Mwenye vidonda awe na hatamu yake, ishikwe kwa glavu. Nyingine zifuliwe kwa sabuni na dawa ya kuua vijidudu, zikauke juani. Ya nailoni inafulika vizuri, ya katani inanywa uchafu na kuushikilia, tena inakwaruza.

*

Mzee wa Zizi, tangu nipate hatamu mambo yamekuwa mepesi. Mbuzi wangu ananifuata kama kivuli. Sasa huwa namfunga malishoni kwa hiyohiyo hatamu asubuhi na kumrudia jioni. Kuna ubaya?
— Dada mwenye mbuzi mmoja

Upo, dada yangu, na naomba ukisoma hapa uende ukamvue.

Kamtazame mbuzi wako akiwa amelala kivulini baada ya kula. Taya lake la chini linakwenda pembeni, linarudi, linakwenda pembeni, kisha linasimama kidogo. Hapo amemeza. Baada ya muda mfupi utaona kidonge kinapanda shingoni kwa ndani, na taya linaanza tena. Huko ndiko kucheua, na kwa siku huchukua saa nyingi, karibu sawa na zile za kula. Katikati yake anatoa kwa mdomo hewa inayotengenezwa tumboni mchana kutwa. Hatamu inayokaza chini ya taya inazuia mwendo huo. Chakula hakisagiki, hewa haitoki vizuri, na ubavu wa kushoto unaanza kujaa kama ngoma. Hata hatamu iliyolegea ina ubaya wake, ananyanyua mguu wa nyuma kujikuna uso, kwato inaingia kwenye kamba ya shavuni, na hapo utamkuta jioni amesimama kwa miguu mitatu au amelala.

Kama huna budi kumfunga malishoni, mfunge kwa mkanda mpana wa shingoni, wenye pete inayozunguka ili kamba isijisokote, na fundo la mkandani liwe lile lisilokaza. Kitanzi cha kukaza shingoni ni kitanzi cha kunyongea, hata kama ulikifunga kwa upendo. Pasiwe na kisiki, kichaka wala mteremko ambao anaweza kuuruka na kuning'inia. Tunasema mbuzi hula urefu wa kamba yake. Basi na kivuli na maji viwe ndani ya urefu huohuo, jua likizunguka kivuli kisimkimbie. Na kutoka asubuhi hadi jioni bila kumtazama ni mbali mno. Aliyefungwa hawezi kumkimbia mbwa. Mtazame kila baada ya muda mfupi, au umtafutie mtu.

Hatamu uivue ukishafika malishoni, urudi nayo begani. Nyumbani itundike msumarini, juu, pakavu. Kama ni ya ngozi isogeze mbali na panya, wanaipenda chumvi ya jasho kuliko unavyodhani, nao huanza kutafuna palepale penye kifungo.